Je, kome wa mtoni wanaweza kuhamishwa?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa jumuiya ya watumia maji karibu na Nyangao, mkoani Lindi. Sehemu moja ya Mto Lukuledi ina kome wengi, na kuna mtu ameomba kuchimba mchanga hapohapo. Baadhi yetu wanapendekeza kome wahamishiwe upande wa juu wa mto. Je, wataishi?

JIBU: Ndugu mjumbe, kome wakubwa wanaweza kuistahimili safari hiyo, lakini kizazi chao huenda kikaishia hapo. Mabuu ya kome wengi wa maji baridi hujishikiza kwanza kwenye matamvua au mapezi ya samaki, hukaa humo kwa siku au wiki kadhaa, kisha hudondoka na kujichimbia mchangani. Mkiwapeleka mahali ambapo samaki wamemalizwa kwa sumu ya utupa au kwa vyandarua, mtabaki na wazee wasio na wajukuu.

Kwa hiyo, chunguzeni kwanza hali yao. Subirini kiangazi, maji yanapopungua na kuwa maangavu, kwa maana kome aliye hai huwa amejizika karibu mwili mzima, na kinachoonekana ni vitundu viwili vyenye kingo laini, kimoja kikivuta maji na kingine kikiyatoa, ambavyo hufumba vikiguswa. Lazeni fremu ya mianzi ya mita 1 kwa mita 1 mahali kadhaa, kisha chekecheni mchanga wa juu, kina cha sentimita 15 hivi. Idadi ina maana, ila mimi hutafuta zaidi wadogo: mkikosa kabisa wenye ukubwa wa ukucha, yaelekea kundi hilo haliongezeki tena, na chanzo kitakuwa cha zamani kuliko ombi la mchimbaji.

Matokeo hayo yapelekeni Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini kabla kibali hakijatoka. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Kome hawatajwi sana katika maombi ya namna hii (hakuna mtalii anayelipa kuwaona), ingawa kila mmoja huchuja lita kadhaa za maji kwa siku.

Ikishindikana kabisa, wahamisheni ndani ya mto huohuo, asubuhi, wakiwa wamefunikwa kwa magunia mabichi kivulini. Ndoo ya maji yaliyotuama hupata joto na kuishiwa oksijeni. Majike yenye mabuu huyatupa yakisumbuliwa, basi msiwashikeshike. Mpandeni kila mmoja kwa mkono, upande wa vitundu ukitazama juu, penye mchanga na mkondo unaofanana na wa awali. Kwaruzeni namba kwenye magamba ya baadhi yao, mkawakague baada ya mwezi mmoja na tena kiangazi kinachofuata.