Wasomaji Wauliza: Nani Hufungiwa, na Nani Husamehewa?

Barua nyingi zilizotufikia zinazunguka jambo moja: kufungiwa kwa mashirikisho na wachezaji katika mashindano ya kimataifa ya soka, na mkono wa wanasiasa unaoonekana, au kudhaniwa kuonekana, nyuma yake. Tumechagua tano na kuzijibu kwa urefu ambao kila moja inastahili.

Ndugu Mhariri, FIFA husema serikali isiingilie soka, ilhali serikali ndiyo inayojenga viwanja, inayolipa tiketi za timu ya taifa na inayotoa bonasi za wachezaji. Kuingilia huko kunaanzia wapi hasa?
*Mwalimu wa michezo*

Katiba ya FIFA haimkatazi waziri kutoa fedha wala kukaa jukwaa kuu, mwalimu. Inachotaka ni kwamba kila shirikisho mwanachama liendeshe mambo yake lenyewe bila kuamuliwa na mtu wa nje, na kwamba viongozi wake wapatikane kwa utaratibu uliomo katika katiba ya shirikisho hilo. Tatizo huanza pale waziri anapotia saini barua ya kuuvunja uongozi uliochaguliwa na kuteua kamati ya muda ishike nafasi yake. Ndivyo ilivyokuwa Kenya mnamo Novemba 2021, wakati Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, alipolivunja shirikisho la nchi hiyo kufuatia ukaguzi wa matumizi ya fedha. Adhabu ikaja tarehe 24 Februari 2022, ikitangazwa pamoja na ya Zimbabwe, ambako pia chombo cha serikali kilikuwa kimeusimamisha uongozi wa soka. Nchi zote mbili ziliondolewa katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023, makundi yao yakabaki na timu tatu tatu. Kenya ilifunguliwa Novemba 2022 baada ya waziri mpya kuurejesha uongozi wa awali. Zimbabwe ilisubiri hadi Julai 2023.

Kipo kifungu ambacho wasomaji wengi hawakifahamu, nacho ndicho kikali kuliko vyote: shirikisho laweza kuadhibiwa hata kama kuingiliwa huko hakukuwa kosa lake. Hoja ya FIFA ni kwamba wanasiasa hawana njia ya kuadhibiwa na chombo cha michezo, kwa hiyo kinaadhibiwa kile kilicho karibu nao, ili wananchi wakasirike na kuwabana. Ni hesabu inayofanya kazi mara nyingi, lakini gharama yake hulipwa na watu wasiohusika kabisa.

Tazama yaliyotokea India katikati ya Agosti 2022. Rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo alikuwa amebaki madarakani baada ya muda wake kwisha, na Mahakama ya Juu ikateua kamati ya wasimamizi iandae katiba mpya na uchaguzi. Kwa maneno mengine, mahakama ilikuwa inatetea ukomo wa uongozi, jambo ambalo FIFA yenyewe huhubiri. Hata hivyo kamati ile ilihesabiwa kuwa mtu wa nje, na India ikafungiwa. Wakati huo wanawake wa klabu ya Gokulam Kerala walikuwa wameshatua Tashkent, Uzbekistan, kwa mashindano ya klabu bingwa ya wanawake ya Asia. Walikuwa na jezi, viatu na ratiba ya mechi mkononi, wakaambiwa hawaruhusiwi kuingia uwanjani. Adhabu iliondolewa tarehe 26 Agosti, mapema kiasi kwamba India haikunyang'anywa uenyeji wa Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, lililofanyika Oktoba mwaka huo huo, lakini si mapema kiasi cha kuwasaidia wale wa Tashkent. Mashindano yenye mikataba ya matangazo yaliokoka; timu ya klabu ikarudi nyumbani bila kugusa mpira.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mstari upo, na kwenye karatasi uko wazi. Kisicho wazi ni kasi ya kuutumia. Baraza la FIFA lina mamlaka ya kufungia papo hapo bila kusubiri Mkutano Mkuu, na ni Baraza hilo hilo linaloamua ni nani aongezewe muda, nani atumiwe wajumbe wa kupatanisha na nani apigwe rungu leo leo.

Mheshimiwa Mhariri, Urusi ilifungiwa ndani ya siku chache tu. Kwa nini mataifa mengine yanayoingia vitani au yanayolalamikiwa hayaguswi? Je, soka lina mizani miwili?
*Msomaji wa muda mrefu*

Nianze na tarehe, kwa sababu zinasema mengi. Tarehe 24 Februari 2022, siku ile ile Kenya na Zimbabwe zilipofungiwa, ndiyo siku ambayo majeshi ya Urusi yalianza uvamizi mkubwa nchini Ukraine. Tarehe 27 FIFA ilitoa uamuzi uliowashangaza wengi: Urusi iendelee kucheza, lakini katika uwanja huru, bila bendera wala wimbo wa taifa, ikitumia jina la shirikisho lake. Poland, iliyopangiwa kucheza nayo mechi ya mchujo wa Kombe la Dunia mwezi uliofuata, ikasema haitacheza kwa masharti yoyote. Uswidi na Jamhuri ya Cheki zikasema vivyo hivyo. Siku iliyofuata, FIFA na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, zikaifungia Urusi kwa pamoja. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilipoitupa rufaa ya Urusi mwezi Julai, kilichokuwa mezani kilikuwa zaidi usalama na uendeshaji wa mashindano kuliko haki au dhuluma ya vita yenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Hakuna kifungu kinachosema kwamba nchi ikivamia nyingine itafungiwa. Kinachotokea ni kwamba wapinzani hukataa kucheza, ratiba huvunjika, na shirikisho la kimataifa huchagua njia itakayookoa mashindano. Yugoslavia iliondolewa katika fainali za Ulaya za 1992 kwa sababu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 757 siku chache kabla, likitaka nchi hiyo izuiwe katika michezo ya kimataifa. Denmark iliitwa kujaza nafasi bila maandalizi, ikatwaa kombe kwa kuifunga Ujerumani 2-0.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi nayo haikuondolewa kwa huruma ya Zurich, makao makuu ya FIFA. Haikushiriki Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika mwaka 1957 kwa kuwa haikutaka kupeleka timu ya mchanganyiko. FIFA iliifungia mwaka 1961, ikaifungulia 1963 chini ya urais wa Stanley Rous, ikaifungia tena mwaka uliofuata kwa shinikizo la Waafrika na washirika wao, na kuifukuza kabisa mwaka 1976. Kila hatua ya mbele ilitokana na wanachama waliosimama pamoja na kutishia kuondoka.

Sasa linganisha na ombi la Shirikisho la Soka la Palestina, lililowasilishwa katika Mkutano Mkuu wa Bangkok mnamo Mei 2024, la kutaka Israel ifungiwe. Lilipelekwa kwanza kwa wanasheria wa kujitegemea, tarehe ya majibu ikasogezwa, kisha Oktoba sehemu ya malalamiko ikakabidhiwa kamati ya nidhamu kwa uchunguzi. Mtu anaweza kutetea utaratibu huo kuwa ni wa kisheria na wa uangalifu, nami sipingi uangalifu. Ninachouliza ni kwa nini Kenya haikupelekewa wanasheria.

Ndiyo, msomaji, mizani ni miwili, ingawa mara nyingi si kwa njama. Ni kwa sababu hakuna kipimo kilichoandikwa, na pasipo kipimo uzito wa mwanachama huwa ndicho kipimo. Hali hiyo haikusaidiwa tarehe 5 Desemba 2025 jijini Washington, katika upangaji wa makundi ya Kombe la Dunia la 2026, pale rais wa FIFA, Gianni Infantino, alipomkabidhi Rais Donald Trump tuzo mpya ya amani ya FIFA. Kanuni za maadili za shirikisho hilo zinawataka viongozi wake wasiegemee upande wa kisiasa. Ni vigumu kumwambia waziri wa nchi ndogo akae mbali na soka, huku rais wa nchi mwenyeji akivishwa nishani jukwaani. Ni mkuki kwa nguruwe.

Mhariri, mimi ni mwamuzi. Ninapotoa kadi nyekundu kijijini, mchezaji anakaa nje. Kwa nini Cristiano Ronaldo alipunguziwa?
*Mwamuzi wa ligi ya chini*

Tusimtendee isivyo haki, kaka: adhabu haikufutwa. Alitolewa nje Dublin tarehe 13 Novemba 2025, Ureno ilipofungwa 2-0 na Jamhuri ya Ireland, baada ya kumpiga mpinzani kiwiko na picha za video kumfanya mwamuzi abadilishe kadi ya njano kuwa nyekundu. Kanuni za nidhamu zinataka angalau mechi tatu kwa shambulio la aina hiyo, na tatu ndizo alizopewa. Moja alikuwa ameshaikosa, dhidi ya Armenia, na mbili zilizobaki zikaahirishwa kwa kipindi cha uangalizi cha mwaka mmoja. Kanuni zinaruhusu kuahirisha, na ilikuwa kadi yake ya kwanza nyekundu akiwa na timu ya taifa. Lakini nafuu hiyo ilimfungulia njia ya kucheza mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, na ilitangazwa wiki moja baada ya yeye kuhudhuria chakula cha jioni Ikulu ya Marekani. Sina ushahidi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, na asiwepo anayesema anao mpaka auonyeshe. Hata hivyo, kamati inayotoa nafuu isiyo ya kawaida kwa mtu mashuhuri kuliko wote ilipaswa kuchapisha sababu zake kwa kirefu, ili hata wewe ukiulizwa uwanjani uwe na la kujibu.

Wala si jambo jipya. Katika nusu fainali ya 1962 nchini Chile, Garrincha wa Brazili aliwafunga wenyeji mabao mawili, kisha akatolewa nje kwa kumpiga teke mpinzani. Wakati huo kutolewa nje hakukuwa na adhabu ya moja kwa moja. Kamati ilikaa na kuamua. Waziri Mkuu wa Brazili, Tancredo Neves, alituma simu ya maandishi kumwombea. Mshika kibendera kutoka Uruguay, aliyeliona tukio kwa macho, alikuwa ameshaondoka nchini kabla ya kikao. Garrincha akapewa onyo tu, akacheza fainali, na Brazili ikaifunga Chekoslovakia 3-1. Adhabu ya moja kwa moja baada ya kadi nyekundu, ambayo vijana wengi huiona kuwa ya kikatili, inaondoa nafasi ya simu kama ile.

Kosa ni la rais wa nchi, adhabu ni ya wachezaji. Haki iko wapi?
*Mchezaji mstaafu*

Haipo, ndugu yangu, na historia ya Afrika imejaa mifano. Nigeria ilikuwa bingwa mtetezi wa Kombe la Mataifa ya Afrika ilipotakiwa kwenda Afrika Kusini kwa fainali za Januari 1996. Miezi miwili kabla, utawala wa Jenerali Sani Abacha ulikuwa umemnyonga mwandishi na mwanaharakati Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane, Nelson Mandela, rais wa nchi mwenyeji, akalaani waziwazi, na Abacha akaizuia timu kusafiri. Shirikisho la Afrika likaifungia Nigeria fainali za 1998 pia. Kizazi hicho ndicho kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki Atlanta katikati ya 1996 kwa kuzifunga Brazili na Argentina. Barani kwao hakikuruhusiwa kujaribu.

Mfano mchungu zaidi ni Togo. Januari 2010, timu yao ikienda kwenye fainali za Afrika, basi lao lilishambuliwa kwa risasi Cabinda, Angola, na kocha msaidizi na msemaji wa timu wakapoteza maisha. Wachezaji walitaka kubaki na kucheza kwa ajili ya marehemu, lakini serikali ikawaita nyumbani. Mwishoni mwa mwezi huo huo Shirikisho la Afrika likawafungia fainali mbili na kuwatoza faini ya dola 50,000 kwa hoja kwamba serikali imeingilia. Kufiwa, kisha kuadhibiwa kwa kufiwa. Uamuzi huo uliondolewa Mei baada ya rais wa FIFA wa wakati huo, Sepp Blatter, kuingia kati, lakini kwamba kikao cha watu wazima kiliweza kuupitisha ni jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Je, polisi wakimkamata kiongozi wa soka kwa wizi, nchi itafungiwa? Na shirikisho lililoonewa laweza kukata rufaa?
*Mwanafunzi wa sheria*

Kwa swali la kwanza: hapana, kushtakiwa mtu binafsi kwa jinai si kuingilia shirikisho. Polisi wa Uswisi waliwakamata viongozi wa FIFA yenyewe hotelini Zurich alfajiri ya tarehe 27 Mei 2015 kwa ombi la Marekani, na hakuna shirikisho lililofungiwa kwa sababu hiyo. Serikali yenye ushahidi impeleke mtuhumiwa mahakamani na kuacha ofisi ijazwe kwa katiba ya shirikisho.

Kwa la pili: ndiyo, katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, na wakati mwingine hufaa. Moroko iliomba fainali za Afrika za 2015 ziahirishwe kwa hofu ya Ebola, ikanyang'anywa uenyeji, ikafungiwa fainali za 2017 na 2019, ikatozwa faini ya dola milioni moja na kudaiwa fidia ya zaidi ya euro milioni nane. Aprili 2015 mahakama ilifuta kufungiwa na fidia, ikaacha faini ya dola 50,000. Mwaka 2017 Moroko ilikuwa Gabon, ikafika robo fainali.