Marekani na Kanada ni majirani, lakini vyuo vyao havichagui wanafunzi kwa njia moja

Baadhi yenu mliomaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, mmeniuliza, kwa kuwa naishi Windsor, mji wa Kanada unaotazamana na Detroit ya Marekani ng'ambo ya mto, kama maandalizi ya kuomba chuo kikuu upande mmoja yanatosha pia kwa upande wa pili. Hayatoshi.

Kanada inakaribiana zaidi na mnachokijua kupitia KUCCPS, mfumo wa Kenya wa kuwapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Unaomba kozi mahususi, na kitivo hutazama kwanza gredi zako katika masomo kinayoyadai, kiasi kwamba anayetaka uhandisi akiwa na gredi hafifu ya hisabati au kemia hataokolewa na insha tamu wala barua ya mchungaji wake. Kozi zinazogombewa sana huweza kutaka maelezo zaidi, ila gredi hutangulia. Elimu huko iko chini ya majimbo: vyuo vya Ontario hupokea maombi kupitia kituo cha pamoja kiitwacho OUAC, ilhali Quebec ina utaratibu wake.

Vyuo vya Marekani vyenye ushindani humchunguza mtu pamoja na cheti chake. Fomu ya Common App, ambayo hutumika kuomba vyuo vingi vya huko kwa pamoja, hudai insha isiyozidi maneno 650, barua za walimu, na ina nafasi 10 za kueleza shughuli za nje ya darasa. Hapo ndipo wengi wetu hujipunja, kwa maana mtu huandika uongozi wa bweni na klabu ya mdahalo, kisha huacha nafasi zilizobaki wazi, ilhali kulea wadogo zako au kuuza mboga sokoni na mama kila Jumamosi kunahesabika, na fomu yenyewe ina kipengele cha majukumu ya kifamilia. Vyuo hivyo hutaka pia gredi za miaka yote ya sekondari, na vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, wakati matokeo ya KCSE ndiyo kwanza yanatangazwa. Zisakeni ripoti zenu za muhula mapema.

Wanaotaka udaktari wajue kwamba, tofauti na Kenya, nchi zote mbili kwa kawaida hudai shahada ya kwanza kabla ya kujiunga na shule ya tiba, na shule nyingi za tiba za Kanada hazipokei wageni kabisa. Sijui kwa nini mawakala hulinyamazia jambo hili.

Kuhusu fedha, ni vyuo vichache mno vya Marekani, kama Harvard, Yale, Princeton na MIT, vinavyompokea mgeni bila kutazama uwezo wake wa kulipa, kisha kumgharimia kulingana na uhitaji. Kanada nafasi za namna hiyo ni haba zaidi. Ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto hudai uteuliwe na shule yako, basi mlio bado shuleni mwoneni mwalimu mkuu kabla ya kumaliza kidato cha nne.

Barua ya kukubaliwa si viza. Tangu Januari 2024 Kanada imeweka kikomo cha vibali vya masomo, mwombaji wa shahada ya kwanza huhitaji pia barua ya uthibitisho ya jimbo, na akiba ya kuonyesha, mbali na karo na nauli, ilipandishwa kutoka dola 10,000 hadi 20,635 za Kanada, kisha ikaongezwa tena. Kwa Marekani kuna mahojiano ubalozini Nairobi, ambako ni juu yako kumridhisha afisa, kwa dakika chache tu, kwamba huna nia ya kuhamia.