Mbona jicho hukataa seli za kupandikizwa?

SWALI: Daktari, assalamu alaikum. Ami yangu, aliyekuwa akishona kofia za mkono hapa Kibokoni, haoni tena usiku, na mchana huona kilicho mbele yake tu. Ameambiwa kwamba seli za retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zinakufa. Nimesikia kuwa panya waliopandikizwa seli mpya, nyingi zilikufa baadaye. Mbona, ilhali husemwa jicho halikatai kitu kigeni? Isitoshe, kuna anayemshawishi atafute fedha akatiwe seli hizo ng'ambo.

JIBU: Wa alaikum salaam. Ulilosikia kuhusu jicho lina ukweli, ila lina mpaka wake. Mwaka 1948 mwanasayansi Peter Medawar alionyesha kwamba kipande cha ngozi ya sungura mwingine kikitiwa katika chumba cha mbele cha jicho huweza kudumu, maadamu hakijaingiwa na mishipa ya damu. Retina nayo ina ukuta unaoitenga na damu, na operesheni yenyewe ndiyo huuvunja. Mtafiti hupenyeza sindano nyembamba na kumimina tone la maji yenye seli chini ya retina, ambayo huinuka kama lengelenge. Hapo mikroglia, yaani seli za ulinzi zinazoishi humo humo, huamka, kisha makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza seli nyingine, hufuata kutoka kwenye damu. Uvimbe huo wa mwanzo hutokana na jeraha. Seli za T, ambazo ndizo hutambua kuwa mgeni si wa mwili huu, huja baadaye, na aghalabu ndizo humaliza kazi.

Mwaka 2010 watafiti wa London walionyesha kwamba panya waliopewa siklosporini, dawa inayozituliza seli za T, walibaki na seli nyingi zaidi za kupandikizwa kwa muda mrefu. Hata hivyo, hesabu hizi zisomwe kwa tahadhari: makrofaji likimeza seli iliyotiwa rangi ing'aayo ili ihesabike, nalo hung'aa, na mwaka 2016 ikabainika kwamba seli za mgeni huweza kuzipa seli za mwenyeji protini zao zing'aazo, hivyo si kila king'aacho ni seli iliyopona.

Kwa maoni yangu, tumaini kubwa limo katika kulinganisha tishu, yaani kuchagua mtoaji wa seli ambaye tishu zake zinafanana na za mpokeaji. Mwaka huo huo wa 2016, watafiti wa Japani waliwapandikiza nyani seli za tabaka jeusi lililo nyuma ya retina: waliolingana tishu na mtoaji hawakuzikataa hata bila dawa, na wasiolingana walizikataa. Tabaka hilo, lakini, si seli zenyewe zinazopokea mwanga, ambazo kwa kawaida ndizo zinazokufa kwa mtu mwenye dalili kama za ami yako.

Kabla hajatoa hata shilingi, amuulize huyo anayemshawishi: seli ni za nani, zimelinganishwaje, na atatumia dawa gani ya kutuliza kinga, kwa muda gani? Siklosporini huweza kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo daktari wake wa hapa Mombasa apime vyote viwili kwanza. Utafiti wa kweli, nao, kwa kawaida haumtozi mgonjwa malipo ya seli zinazojaribiwa.