"Frugal" si mkono wa birika

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma UDOM. Kwenye barua ya kuomba fildi ya uhasibu niliandika "I am a frugal person". Ninayekaa naye chumba kimoja akacheka, eti nimejiita bahili. Akanionyesha orodha ya misamiati kwenye simu: frugal, thrifty, economical, stingy, miserly, yote yametafsiriwa "bahili". Nifute?

JIBU: Marahaba. Ukifuta, usifute kwa sababu ya orodha hiyo. Hizi orodha zinanichosha! Kila muhula wanafunzi wananiletea, na wengine wamezilipia.

"Frugal" ni sifa njema: mtu anayetumia kidogo kwa hiari yake, asiye na makuu. Bumu likiingia ukatenga hela ya chakula kwanza, kisha shati ukalitafuta kwenye mitumba ya Sabasaba, wewe ni "frugal", na "thrifty" pia. Lakini mwenzako akiugua, hana nauli ya kwenda General, nawe unayo ukamwambia huna, hapo ndipo "stingy" inapokuhusu. "Miserly" ni huyohuyo aliyekubuhu.

Tena "frugal" haiishii kwa watu. Ugali na mlenda bila kitoweo kingine ni "a frugal meal", na aliyekupikia huenda ndiye mkarimu kuliko wote mtaani. "Economical" mara nyingi husemwa juu ya vitu, kama pikipiki isiyokula mafuta. Ukiikata mwisho ikabaki "economic", umeshahamia kwenye mambo ya uchumi wa nchi. Na mwaka 1986 Robert Armstrong, Katibu wa Baraza la Mawaziri la Uingereza, alisema mahakamani kule Australia kwamba barua fulani ilikuwa "economical with the truth". Hakuna hela hapo. Ni kuubania ukweli. Orodha ipi itakwambia hayo?

Kwenye barua yako, mwenye ofisi hana shida na unavyobana hela zako, anataka kujua utatunzaje za kwake. Kama umewahi kushika michango ya darasa, andika hivyo.

Wanaouza hizo "maneno elfu moja kwa wiki mbili" hujaza kurasa kwa kupanga maneno yanayokaribiana maana, bila sentensi hata moja ya mfano. Mwanafunzi anakariri, anaingia kwenye usaili, anamsifu bosi kuwa ni "miserly", halafu anashangaa hapigiwi simu. Tafuta kamusi yenye mifano, hata ya mtumba.