Barua kwa mwanangu kuhusu chumba cha miezi mitatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kama utume amana sasa hivi ili uwekewe kile chumba ulichokiona kwenye intaneti, kilicho karibu na ofisi utakapofanyia mafunzo tarajali, au uchukue kile cha bei nafuu kilicho pembezoni mwa jiji, mwendo wa saa 1 na nusu kwa basi. Unataka nikuchagulie kati ya karibu na mbali. Mimi nataka kwanza kujua jambo ambalo hukulitaja popote: ni nani anayekupangisha?

Nimewaambia wewe na dada yako tangu mkiwa wadogo kwamba mwenye ufunguo si lazima awe mwenye nyumba, nanyi mkazoea kucheka. Hamkujua maneno hayo yalikotoka, kwa maana hata babu yenu hakujua.

Nilipokuwa na umri wako, nilipokwenda jijini kwa mafunzo ya miezi 3, nilipata chumba kwa kijana ambaye naye alikuwa mpangaji. Alisema kwamba anasafiri na anatafuta mtu wa kukikalia mpaka arudi, na kodi aliyoitaja ilikuwa nusu ya ile waliyotaja wengine, ila aliitaka yote kwa mkupuo. Nikampa. Fedha ile babu yako aliikopa, nawe unajua jinsi alivyochukia kukopa. Kijana akaniandikia stakabadhi kwa mkono, nami nikaitunza kama hati ya nyumba. Siku ya 11 mwenye nyumba alikuja kudai kodi ambayo hakuwa amelipwa kwa muda mrefu, akamkuta mtu asiyemfahamu. Hakunitukana. Aliisoma ile stakabadhi, akanirudishia, akanieleza kwa upole kwamba mkataba ulimkataza yule kijana kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi, kisha akanipa muda hadi asubuhi. Nilikwenda kazini na sanduku langu, nikalisukuma chini ya meza, na kutwa nzima nikakaa nimelikinga kwa miguu ili lisionekane.

Msimamizi wangu aliliona. Jioni alinipeleka kwenye bweni la chuo kimoja, ambako wanafunzi walikuwa likizoni na vyumba vikikodishwa kwa wiki. Vilikuwapo tangu siku niliyofika. Vyuo vingi hufanya hivyo wakati wa likizo, na ofisi zinazopokea vijana wa mafunzo mara nyingi huwafahamu watu wanaopangisha kwa muda mfupi, lakini mimi niliona haya kuuliza, kana kwamba kutokuwa na mahali pa kulala ni kosa. Je, umeiuliza ofisi yako? Umewauliza waliokutangulia katika nafasi hiyo mwaka jana walikaa wapi?

Usiku ule ule nilimwandikia babu yako kwamba chumba ni kizuri na mwenyeji wangu ni mtu mwema. Aliamini mpaka alipofariki. Fedha nimeisahau, barua ile sijaisahau.

Kwa hiyo nitasema tena kwamba mwenye ufunguo si lazima awe mwenye nyumba. Kama anayekupangisha ni mpangaji, aonyeshe mkataba wake na idhini ya mwenye nyumba. Kama ni mwenye nyumba, mkataba wako uandike jina lake, tarehe ya kuingia na ya kutoka, kodi, nani analipa umeme na maji, na amana itarudishwa lini. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta na kila kifaa, kwa sababu ugomvi wa amana huzuka siku ya kuondoka. Na mtu anayekuharakisha utume fedha kabla mtu yeyote unayemwamini hajakiona chumba, huyo muogope hata kama picha zake ni nzuri.

Najua utaniambia kwamba uko mbali, huwezi kusafiri kwenda kutazama, na vyumba vya muda mfupi huchukuliwa upesi. Ni kweli, na hapo hoja yangu inayumba. Labda ulipie wiki ya kwanza tu mahali pa muda, kisha uzunguke mwenyewe ukitazama. Lakini wiki hiyo nayo ni gharama, na posho yako ni ndogo. Nimeipiga hesabu ya chumba cha mbali pia: saa 1 na nusu kwenda na saa 1 na nusu kurudi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12, ni saa 180, yaani siku 7 na nusu, usiku na mchana, ndani ya basi, na nauli bado hatujaijumlisha na kodi. Hata hivyo, kama kule pembezoni mwenye nyumba anajulikana na huku karibu hajulikani, mimi saa hizo ningezikubali.

Karibu niandike kwamba usitume amana hiyo. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili. Wewe ndiye utakayelala humo, na wewe ndiye uliyezungumza na mtu huyo, kwa hiyo uamuzi nakuachia, ingawa mkono wangu haupendi.

Ukishafika, niandikie chumba kilivyo. Kama kuta zina unyevu, andika kwamba zina unyevu. Na kama utalazimika kwenda kazini na sanduku lako, nijulishe usiku ule ule.

Baba yako