Kulungu wa zizini na kulungu wa msituni: mambo ya kujua kabla hujakabidhiwa funguo za lango

Kulungu tunayemzungumzia hapa ni yule wa Marekani na Kanada, ambaye dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Usimchanganye na pongo au swala wa kwetu. Kama umeajiriwa kwenye shamba linalomfuga, au unasomea afya ya wanyamapori huko, ugonjwa wa kwanza kuuelewa ni ule wa kudhoofisha kulungu, ambao kila mtu kazini atauita kwa herufi tatu tu: CWD, kifupi cha jina lake la Kiingereza, chronic wasting disease.

Hauletwi na virusi wala bakteria. Chanzo chake ni prioni, yaani protini ya mwili wa mnyama mwenyewe iliyokunjika vibaya. Ikiigusa protini nzima huikunja nayo, na hivyo hivyo mpaka ubongo unatobokatoboka kama sifongo. Chanjo hakuna, tiba hakuna. Prioni hutoka na mate, mkojo na kinyesi, huingia udongoni na hukaa humo miaka ikiwa bado inaambukiza. Dalili zinazotajwa sana, yaani kukonda, kudondosha mate, kuinamisha kichwa na kulegea masikio, huja mwishoni kabisa. Tangu kuambukizwa hadi kufikia hapo hupita mwaka mmoja na nusu, miwili, au zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo mnyama anakula, ananenepa, anapandana na kuwaambukiza wenzake. Mtu akikuambia "hawa wangu wazima, watazame tu", bado hajakuambia lolote kuhusu CWD.

Ndiyo maana usafirishaji wa wanyama hai unatutia hofu kuliko jambo lingine lolote. Ugonjwa huu ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofungiwa kwenye kituo cha utafiti huko Fort Collins, Colorado. Mwaka 1996 ulipatikana kwenye shamba la wapiti, yaani aina ya kulungu wakubwa, huko Saskatchewan, Kanada, ukafuatiliwa nyuma hadi kwa wanyama walionunuliwa South Dakota, Marekani. Mwaka 2001 ukagunduliwa Korea Kusini, kwa wapiti waliotoka Kanada. Hakuna mnyama aliyeivuka Pasifiki kwa miguu. Kwa hiyo kabla mnyama hajashushwa kwenye lori, soma hati zake: linganisha namba za hereni na zile za cheti cha afya, moja baada ya nyingine, na uulize kundi alikotoka limefuatiliwa miaka mingapi. Mpango wa taifa wa Marekani wa kuthibitisha makundi hudai miaka 5 bila ugonjwa kuonekana. Miaka 5 hiyo ina maana pale tu ambapo waliokufa walipimwa kweli. Kundi ambalo mizoga yake "ilioza kabla ya kupimwa" mwaka hadi mwaka linakupa karatasi, halikupi uhakika.

Sasa uzio. Kipimo cha kawaida ni urefu wa mita 2.4, lakini urefu huo ni wa siku ulipojengwa. Theluji ikirundikana na kuganda upande mmoja, uzio wa mita 2.4 unabaki mita moja na nusu, na kulungu anaruka bila shida. Mvua kubwa huchimba mfereji chini ya waya, na dhoruba huangusha mti juu yake. Uzunguke wote kwa miguu kila baada ya dhoruba, maana ukiwa ndani ya gari huoni shimo lililofichwa na majani. Andika tarehe, sehemu na ulichokarabati. Na hata uzio mzima hauzuii pua kugusana. Msimu wa kupandana, Oktoba na Novemba, madume ya nje huja kupigana na ya ndani kupitia waya, mate yakirushiana. Dawa yake ni uzio wa pili, ulioachana na wa kwanza kama mita 3. Ni gharama, lakini kwetu sisi shamba lenye uzio mmoja katika nchi yenye kulungu wengi wa mwituni halijajikinga, wala halijawakinga walio nje. Chakula nacho kiweke mbali na waya, na nafaka iliyomwagika izolewe siku hiyo hiyo.

Mnyama akitoroka, toa taarifa saa hiyo hiyo. Kila jimbo lina muda wake wa mwisho, usiusubiri ufike. Na ukimkuta kulungu wa mwituni ameingia ndani, usimfungulie lango arudi, ingawa huruma itakusukuma. Ameshakula na kunywa pamoja na walio ndani. Piga simu kwa mamlaka ya jimbo. Mara nyingi huuawa na kupimwa.

Kupima ndiko wageni wanakokosea zaidi. Katika mpango wa uthibitisho, mnyama yeyote wa miezi 12 au zaidi akifa, kwa sababu yoyote ile, anapimwa: aliyegongwa, aliyechinjwa, aliyekufa akizaa. Zinahitajika sampuli mbili. Ya kwanza ni obeksi, sehemu ya shina la ubongo yenye umbo la V. Kata kichwa palepale fuvu linapokutana na pingili ya kwanza ya shingo, kisha uitoe kwa kijiko chembamba bila kuiponda. Risasi ya kichwani huiharibu, kwa hiyo mnyama wa kuuawa asipigwe hapo. Ya pili ni tezi za limfu za nyuma ya koo, moja kila upande. Hapa watu huleta tezi za mate wakidhani wamepatia. Tezi ya mate ina vinundu vinundu; ya limfu ni laini kwa nje, ngumu kidogo ukiibonyeza, na ukiikata ndani ni ya namna moja. Chukua zote mbili: kwa kulungu mkia-mweupe prioni huonekana mapema zaidi kwenye tezi, lakini wapo wapiti wanaoonekana kwenye obeksi pekee.

Obeksi iweke kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi sampuli) ya asilimia 10, fomalini mara kumi ya ujazo wa kipande, na usiigandishe. Wakati wa joto fanya kazi siku hiyo hiyo, kwani ubongo huoza haraka. Hereni zote zikate pamoja na kipande cha sikio, uzifunge na sampuli yake. Sampuli isiyojulikana ni ya nani haina faida, hata ikiwa imekatwa vizuri namna gani.

Kisu hakisafishwi kwa spiriti, wala kwa maji ya moto, wala kwa fomalini. Prioni huvistahimili vyote. Sugua kwanza nyama na damu zitoke kabisa, kisha loweka kwa dakika 5 katika jiki ya asilimia 40, yaani sehemu 2 za jiki kwa 3 za maji. Hii hufanya kazi juu ya chuma kisichoshika kutu tu. Haipenyi ndani ya nyama, wala haifai kwa mpini wa mbao. Buti za zizini zibaki zizini.

Mzoga usitupwe porini. Upelekwe kwenye tanuru au dampo lililoruhusiwa, kwani kunguru na mbwa mwitu watausambaza hadi mahali usipotaka. Huko Wisconsin kundi moja la shamba lilipouawa mwaka 2006, wanyama 60 kati ya 76 walikuwa na CWD, na baadaye jimbo likanunua ardhi ile na kuuacha uzio umesimama, ili kulungu wa nje wasile majani yaliyoota juu ya udongo huo.

Nyama je? Haijathibitishwa kwamba binadamu amewahi kuupata ugonjwa huu, lakini ushauri wa afya ni kutokula mnyama aliyepatikana nao. Iache kwenye friza, ikiwa na namba yake, hadi majibu yarudi.