Nyumba salama kwa kiziwi: majibu ya maswali yenu

Mume wangu ni kiziwi, nami hufanya zamu ya usiku. Kengele ya moshi yenye taa inayomweka itamwamsha? (Tanga)

Usiitegemee peke yake, dada. Mwanga hauwaamshi wengi, sembuse aliyejifunika shuka hadi kichwani. Kinachoamsha vizuri zaidi ni kitetemeshi, kidude kinacholazwa chini ya mto au godoro na kuunganishwa na kengele ya moshi kwa waya au mawimbi ya redio. Godoro nene la sponji humeza mtetemo, kwa hiyo anza na mto, ukibane kwenye foronya kisiteleze. Kisha kijaribu mumeo akiwa usingizini kweli. Akiwa macho, kila kitetemeshi huonekana kinafaa.

Taa iwepo, ila iwe na nguvu. Kiwango cha Marekani, NFPA 72, hutaka kandela 177 (kipimo cha nguvu ya mwanga) chumbani kwa taa iliyo karibu na dari, maana moshi hutanda huko kwanza na kuuziba mwanga. Kama bado anasikia kidogo, tafuta kengele ya mlio mzito wa hezi 520. Ule mwembamba wa kawaida, wa hezi 3,100 hivi, ndio wasioupata wengi wenye usikivu hafifu.

Simu yangu hutambua mlio wa king'ora na kilio cha mtoto. Si inatosha? (Nakuru)

Kwa mtoto mchana, itakusaidia. Kwa moto, hapana: Apple, watengenezaji wa iPhone, wenyewe wanaonya kipengele hicho kisitegemewe penye hatari. Mlango ukifungwa mlio hufifia, na simu za Android zikiwa katika hali ya kuokoa chaji huweza kuizima programu kimyakimya. Ipe ruhusa ya kufanya kazi wakati wote, na uunganishe saa inayotetema mkononi.

Balbu janja zangu, zile zinazopokea amri kwa Wi-Fi, humweka mgeni akibonyeza kengele, lakini siku nyingine hazifanyi kitu. (Dar es Salaam)

Anza na swichi ya ukutani. Mtu akiizima kwa mazoea, balbu haina umeme na hakuna amri itakayoifikia. Pili, nyingi hushika Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu, hivyo hazitaishika ya masafa mengine. Tatu ni umeme kukatika: rauta (kifaa kinachotoa Wi-Fi) huzimika na mfumo mzima nayo. Betri ndogo ya akiba hutatua la rauta (soma volti kwenye kibandiko chake, mara nyingi ni 12), lakini balbu zitabaki gizani. Kwa kweli, kwa mlango tu, kengele ya mawimbi ya redio isiyohitaji intaneti, yenye kipokezi cha betri kinachomweka, ni rahisi na haikusumbui.

Kitambuzi cha gesi niweke wapi? (Mombasa)

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Harufu yake utainusa ukiwa macho. Hewa ya sumu ya jiko la mkaa, kaboni monoksidi, hainuki kabisa. Hiyo ina kitambuzi chake, nacho pia kiunganishwe na kitetemeshi.

Moto ukitokea, nitapigaje simu zimamoto? (Dodoma)

Namba 114 inahitaji sauti. Andika leo ujumbe wenye mtaa, namba ya nyumba na maneno "mimi ni kiziwi, piga 114", uuhifadhi tayari kwa majirani wawili wanaosikia. Toka nje kwanza, ndipo uutume.